Barabara, Vumbi na Familia Zilizohamishwa: Hewa ya Goma Inapangwa na Nani?

Katika mikutano ya amani tunazungumza sana juu ya ardhi, maji na usalama. Hewa haitajwi. Haina hati, haipimwi kwa kamba, wala hakuna chifu anayeitwa kuiamua. Hata hivyo hewa nayo inagawanywa, na mara nyingi inagawanywa vibaya. Familia iliyofika mjini kwa kukimbia vita hupata mahali ambapo wengine hawakupataka: kando ya barabara kubwa, karibu na kituo cha malori, au bondeni ambapo moshi hautoki. Watoto wake watakohoa kuliko watoto wa mtaa wenye nafasi, na hakuna mkutano uliokaa kuamua hivyo.

Katika kurasa hizi tunaeleza jinsi mpango wa barabara na usafiri unavyohusiana na hewa tunayovuta, na kwa nini kazi hiyo haiwezi kufanywa na mji mmoja peke yake. Tunatoa mfano wa Goma, kwa sababu wasomaji wetu wengi wamepita pale au wanaishi pale. Wale wa Bukavu, Butembo, Bunia na Uvira wataona mambo yanayofanana na ya kwao.

Mji wenye milango michache

Tazameni jinsi Goma ulivyokaa. Kusini kuna ziwa Kivu. Kaskazini kuna mlima Nyiragongo. Mashariki kuna mpaka wa Rwanda, na mji wa Gisenyi umeshikana na Goma hata mgeni hajui mmoja unaishia wapi. Njia kubwa za kuingia ni barabara ya Sake upande wa magharibi, barabara ya Rutshuru upande wa kaskazini, vizuizi vya mpakani, na mashua za kutoka Bukavu. Maharagwe, viazi, mbao, makala, mafuta, magari ya misaada na magari ya askari, vyote vinabanana katika milango hiyo.

Volkeno imeifunga milango hiyo mara kwa mara. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Watu walirudi wakajenga juu ya jiwe lililokuwa bado na joto. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka tena na kukata barabara ya Rutshuru. Kila barabara ikikatwa, magari yanatafuta njia nyingine kupitia mitaa ya watu, na vumbi linahama pamoja nayo. Vumbi la Goma ni jiwe la lava lililosagwa na magurudumu. Wakati wa kiangazi, tangu Juni hadi Agosti, linafunika majani, nguo na sahani.

Vita vilipopamba moto kati ya 2022 na 2025, familia zilikuja kwa barabara hizohizo na kukaa kandokando yake: Kanyaruchinya kwenye njia ya Rutshuru, Lushagala na Bulengo upande wa magharibi. Walikuwa na sababu. Ndipo miguu ilipochoka, ndipo lori la misaada linapoweza kufika, na ndipo mama anapoweza kutandaza nyanya zake akapata mteja. Januari 2025 M23 waliingia Goma, na mwezi wa Februari kambi zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao. Wengine walirudi, wengine wakaingia katika familia za ndugu na rafiki, wengine wakajenga upya mahali pengine. Swali la kujenga umbali gani kutoka barabarani linawafuata wote.

Kilichomo hewani

Vumbi tunaloliona kwa macho ni chembe kubwa. Linawasha macho na koo, lakini sehemu kubwa inakamatwa puani. Chembe zinazodhuru zaidi hazionekani. Wataalamu wanazipima kwa maikromita, yaani milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Unywele wa mtu una upana wa maikromita 50 hadi 70 hivi. Chembe zinazoogopwa hazizidi maikromita 2.5, hivyo ungeweza kupanga 20 au zaidi katika upana wa unywele mmoja. Zinapita pua na koo, zinafika mwisho wa pafu, na nyingine zinaingia katika damu. Ndiyo maana moshi huleta magonjwa ya moyo na kiharusi pia, wakati sisi tunafikiri ni kikohozi tu.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu kwamba hewa chafu, ya nje na ya ndani ya nyumba pamoja, inaua mapema watu karibu milioni 7 kila mwaka duniani. Mwaka 2005 shirika hilo lilisema wastani wa mwaka wa chembe hizo ndogo usizidi maikrogramu 10 katika kila meta moja ya ujazo ya hewa. Mwaka 2021, baada ya kuona ushahidi mpya, lilishusha kiwango hadi 5.

Chembe hizo zinatoka wapi katika mji kama Goma? Zinatoka katika magari ya mazutu yaliyochoka, yale yanayotapika moshi mweusi yakipanda mlima. Zinatoka katika pikipiki zinazounguza oili, katika majenereta, katika takataka zinazochomwa, na katika majiko ya makala na kuni. Volkeno nayo inatoa gesi zake. Hatuwezi kuizuia, tunaweza kuipima tu, na hiyo ndiyo kazi ya Kituo cha Volkeno cha Goma. Moshi wa barabarani ni tofauti, kwa sababu unatokana na maamuzi ya watu: mafuta gani yauzwe, lori lipite wapi, kituo cha pikipiki kikae wapi, shule ijengwe wapi.

Kuna mambo mawili ambayo kila kiongozi anapaswa kuyajua. La kwanza ni umbali. Kando ya barabara yenye magari mengi, uchafu wa magari ni mwingi sana katika mita 150 hadi 300 za kwanza, halafu unapungua. Kwa hiyo kusogeza bomba la maji au darasa hata mita 100 kunaweza kubadili kile mtoto anachovuta siku nzima. La pili ni saa. Usiku hewa ya chini inapoa na kutulia kama maji katika karai, na hewa yenye joto inakaa juu yake kama kifuniko. Moshi wa alfajiri haupandi mpaka jua litoke na upepo uanze. Saa hiyo ndiyo akina mama wanawasha majiko, malori yanapasha injini moto, na watoto wanatembea kwenda shule.

Mazuku ni jambo jingine

Wengi wanachanganya moshi na mazuku, na kuchanganya huko ni hatari. Mazuku ni gesi ya kaboniki inayotoka ardhini katika maeneo ya volkeno. Haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, na inajikusanya katika mashimo na mabonde, hasa usiku na asubuhi penye utulivu. Imeua mifugo na watu upande wa Mugunga na Bulengo na ukingoni mwa ziwa. Haitokani na magari, na kufunga barabara hakutaipunguza. Dawa yake ni kutopiga hema wala kulaza watoto katika shimo ambalo wenyeji wanasema mbuzi hufia humo. Wenyeji waulizwe kabla ya kugawa viwanja, maana wanajua. Jina lenyewe ni lao, nalo limekubaliwa na wataalamu wa volkeno dunia nzima, ambao leo wanaandika “mazuku” katika vitabu vyao vya Kiingereza na Kifaransa.

Mafuta yaliyosafishwa mbali

Huenda msomaji anauliza: je, mkuu wa mtaa atafanya nini juu ya mafuta yanayokuja na meli? Peke yake, kidogo. Lakini Afrika imewahi kufanya jambo kubwa kwa kukaa pamoja, na wengi wetu hatukulisikia.

Tangu miaka ya 1920 makampuni yalitia risasi katika esansi ili injini ziende vizuri. Risasi ilitoka na moshi, ikaanguka barabarani na viwanjani, ikaingia katika damu ya watoto na kupunguza akili zao. Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar na kukubaliana kuiondoa kabla ya mwaka 2005 kwisha. Mwanzoni mwa 2006 kazi ilikuwa imemalizika katika eneo hilo lote. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa Goma mwaka 2008, katikati ya vita, alivuta moshi usio na risasi ya esansi kwa sababu ya mkutano uliofanyika Dakar kabla hajazaliwa.

Halafu ikaja kiberiti katika mazutu. Kiberiti kingi kinaharibu vichungi vya moshi na kuongeza zile chembe ndogo. Januari 2015 Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilianza kutumia kiwango kimoja: kiberiti kisizidi sehemu 50 katika milioni. Zamani kiliruhusiwa kuwa mamia, penginepo maelfu. Sehemu kubwa ya mafuta ya Kivu inapitia Mombasa au Dar es Salaam na nchi za katikati. Kwa hiyo uamuzi wa majirani umefika mpaka kwenye chupa za akina Kadhafi wanaouza mafuta pembeni mwa barabara zetu. Kongo yenyewe iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na ina haki ya kukaa katika meza hiyo.

Mafuta safi hayatoshi kama gari ni bovu. Umoja wa Mataifa ulihesabu kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na karibu asilimia 40 yalikuja Afrika. Mengi yalikuwa yamechakaa, na mengine yamekwisha kung’olewa kichungi, kwa sababu ndani yake mna madini ya thamani.

Mji wa Mexico ulivyojifunza

Ili kuona jinsi mpango wa usafiri na mpango wa hewa vinavyofungwa pamoja, tuende mbali kidogo, mpaka mji mkuu wa Mexico. Hali yake ya ardhi tunaielewa: upo mita 2,240 juu ya bahari, umezungukwa na milima na volkeno, na hewa yake inatulia kama katika bakuli. Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa uliutaja kuwa mji mkubwa wenye hewa chafu kuliko yote duniani.

Novemba 1989 serikali ilianza amri rahisi: kila gari likae nyumbani siku moja kwa wiki, kufuatana na tarakimu ya mwisho ya namba yake. Ilionekana haki kwa wote. Lakini wenye fedha walinunua gari la pili lenye namba tofauti, mara nyingi gari kuukuu linalotoa moshi zaidi. Watafiti waliochunguza baadaye hawakuona ushahidi kwamba hewa iliboreka kwa amri ile. Watu walikatazwa gari bila kupewa njia nyingine nzuri ya kusafiri, na kwa maoni yetu hapo ndipo penye somo kwa viongozi wetu wanaopenda kuamka na amri dhidi ya pikipiki.

Yaliyosaidia yalikuwa mengine. Machi 1991 kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta ndani ya mji kilifungwa. Magari mapya yakaanza kuwekewa vichungi, na risasi ikaondolewa kabisa katika esansi mwaka 1997. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mji ule na jimbo linaouzunguka walikubali kwamba hewa yao ni moja. Mamilioni ya watu wanalala upande mmoja wa mpaka wa utawala na kufanya kazi upande mwingine, basi mji ukitunga sheria na jimbo likakataa, moshi unarudi jioni pamoja na mabasi. Mwaka 1996 wakaunda tume ya pamoja ya mazingira. Mwaka 2013 tume hiyo ikapanuliwa ikashika mji mkuu na majimbo matano.

Mwaka 2005 wakafungua njia ya mabasi makubwa katika barabara ya Insurgentes, yenye mistari yake peke yake. Mabasi hayo yalichukua nafasi ya mamia ya mabasi madogo ya watu binafsi. Fikirini hasira ambayo ingeweza kutokea. Lakini wenye mabasi madogo waliitwa katika mazungumzo, wakaunda kampuni, wakawa wenye hisa katika huduma mpya. Kazi hiyo ya mazungumzo ilikuwa nzito sawa na kazi ya saruji. Siku za hewa mbaya bado zipo mjini Mexico, lakini risasi na moshi mzito wa miaka ya 1980 vimepungua sana.

Majirani wetu

Karibu na kwetu, Chuo Kikuu cha Makerere cha Kampala kilianzisha mwaka 2015 kazi inayoitwa AirQo, ya kutengeneza vipimo vya hewa vya bei nafuu. Vingine vimefungwa juu ya bodaboda, hivyo mwendesha pikipiki anapima hewa ya mitaa yote anayopita akitafuta abiria. Tunaipenda habari hii kwa sababu moja: mtu ambaye kila siku anaitwa chanzo cha fujo amefanywa msaidizi wa mji.

Rwanda ilitunga sheria ya hewa mwaka 2016, na Kigali ilianza mwaka huohuo siku za kufunga barabara kadhaa kwa magari ili watu watembee. Tunajua kwamba kutaja Rwanda katika kurasa hizi kunagusa vidonda. Lakini upepo wa ziwa unapita Gisenyi na Goma bila kuonyesha karatasi. Magari yaleyale yanasubiri mpakani na injini zikiwaka, na wanawake walewale wanapita katikati yake kwa miguu wakiwa na mizigo kichwani. Wakuu wakishindwa kukubaliana mambo makubwa, mafundi wa barabara na wa afya wa pande mbili wanaweza kukubaliana saa za malori na mahali pa kusubiri. Mazungumzo madogo ya namna hii yamesaidia jamii zilizogawanyika kuzoea kukaa meza moja.

Nani anahesabiwa?

Mpango wa usafiri unaanza na kuhesabu. Wataalamu wanakwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza: unakwenda wapi, saa ngapi, kwa njia gani, unatumia fedha ngapi? Majibu yanaonyesha barabara ipi ipanuliwe na njia ipi ya miguu ijengwe. Aliyehamishwa hana namba ya nyumba, basi mara nyingi haulizwi. Mwenye gari anahesabiwa wakati gari lake linapopita. Mama anayetembea saa mbili kutafuta kibarua, na kijana anayesukuma chukudu yenye magunia ya makala, hawamo katika hesabu, ingawa wao ndio wengi barabarani. Ramani inapokamilika, mahali walipo panaonekana patupu, na mahali patupu ndipo barabara mpya ya malori inapochorwa.

Hii ndiyo sababu tunasema hewa ni jambo la haki. Na haki isipofanyika, chuki inatafuta jina la kuitia: “wakimbizi wanaleta uchafu”, “wenyeji wametutupa kwenye vumbi”. Tumesikia maneno yote mawili.

Kamati inaweza kuanza wapi

Kuhesabu hakuhitaji fedha. Watu wanne, wawili wenyeji na wawili waliohamishwa, wakae kando ya barabara saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, kila mara kwa muda wa saa nzima. Waandike waendao kwa miguu, chukudu, pikipiki, magari madogo, malori. Wafanye hivyo siku tatu, siku ya soko ikiwa mojawapo. Daftari hilo likiletwa mbele ya mkuu wa mtaa au meya, lina nguvu kuliko malalamiko.

Ili kuonyesha vumbi, tundikeni vitambaa vyeupe vilivyoloweshwa mita 10, 50 na 100 kutoka barabarani, asubuhi mpaka jioni. Havikamati zile chembe ndogo kabisa, lakini tofauti ya rangi inaonekana na kila mtu, hata asiyejua kusoma.

Kisha chagueni ombi moja au mawili yanayowezekana. Matuta ya kupunguza mwendo mbele ya shule na zahanati ni ya bei ndogo, na gari likienda polepole linarusha vumbi kidogo zaidi. Kumwagilia maji barabara ya udongo wakati wa kiangazi kunasaidia kwa saa chache. Mkikubali, muanze na saa za shule. Msimwage oili iliyotumika ili kutuliza vumbi, kama wengine wanavyofanya, maana ina sumu inayoingia katika maji na miguuni mwa watoto. Bomba la maji, mahali pa kugawia chakula na darasa viwekwe mbali na barabara, hata kama wauzaji wanabaki mbele. Ua wa miti au matete kati ya barabara na nyumba unapunguza vumbi zito, lakini hauchukui nafasi ya umbali.

Kituo cha pikipiki ndicho huleta ugomvi haraka. Kiongozi akileta polisi kukihamisha, wamotari watarudi kesho na hasira. Mwiteni rais wa chama chao kwanza, mwonyesheni daftari, na mwulizeni yeye mahali pengine panapofaa ambapo abiria watamwona. Naye ana watoto wanaosoma katika shule ileile, tena yeye mwenyewe anavuta moshi huo tangu asubuhi hadi usiku. Mkikubaliana, andikeni mahali, saa na majina ya watakaosimamia, kila upande ubaki na karatasi yake, na mrudi kuhesabu tena baada ya miezi mitatu.